KUNDI, FUNGU NA KILIMIA
Hali ya Makundi ya Galaksi ya Mbali na Majina Yake katika Kiswahili

Mtoto wa Sumbawanga aghalabu hukua na lugha tatu. Nyumbani husikia Kifipa. Katika shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili. Na akiingia shule ya sekondari hukuta masomo ya sayansi yakifundishwa kwa Kiingereza. Kitu kimoja kikipita katika lugha tatu, ni rahisi maana yake ipungue njiani. Hasara hiyo haionekani sana katika majina ya vitu vinavyoshikika, kwa kuwa jembe ni jembe katika kila lugha, na mwenye shaka aweza kuletewa jembe lenyewe. Lakini yapo mambo ambayo hayawezi kuletwa mbele ya darasa. Hapo mwanafunzi hana kitu ila neno, na neno likikosea, naye hukosea.

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja la namna hiyo, yaani mkusanyiko mkubwa wa galaksi ulio mbali sana na dunia. Yanaeleza kwanza kitu chenyewe kama kijulikanavyo leo katika elimu ya nyota, na kisha yanayapima maneno ya Kiswahili yanayotumika au yanayoweza kutumika kukitaja. Mifano imechukuliwa hasa kutoka uwanda wa juu wa Ufipa, katika Mkoa wa Rukwa. Sumbawanga, mji mkuu wa mkoa huo, uko karibu digrii 8 kusini ya ikweta, katika kimo cha karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na anga la huko wakati wa kiangazi ni safi. Mtu aliyesimama Ufipa huona karibu anga lote, la kusini na la kaskazini.

I. Kundinyota si kundi

Neno linalotumika zaidi katika vitabu vya Kiswahili ni kundi la galaksi. Kwa sikio la kwanza neno hili halina kosa. Lakini Kiswahili kimekwisha kulitumia neno hilohilo katika jina kundinyota, yaani zile nyota ambazo watu wa kale waliziunganisha kwa macho wakaona umbo la mnyama, la mtu au la chombo. Vitu viwili hivi vina hali mbalimbali kabisa.

Mfano ulio karibu ni Msalaba wa Kusini, ambao huonekana vizuri Ufipa usiku wa mwezi wa Mei. Nyota ya kichwani mwa msalaba huo, Gacrux, iko umbali wa karibu miaka 90 ya nuru. Nyota ya mguuni, Acrux, iko umbali wa karibu miaka 320 ya nuru. Mwaka mmoja wa nuru ni mwendo wa nuru kwa mwaka mzima, nao ni karibu kilomita trilioni 9.46. Basi nyota hizo mbili hazina ujirani wowote. Moja iko nyuma ya nyingine mara tatu na zaidi. Msalaba upo kwa sababu mtazamaji yupo mahali alipo. Akihama aende kutazama kutoka nyota nyingine, msalaba utavunjika.

Mkusanyiko wa galaksi haumtegemei mtazamaji. Galaksi zake zimekaa pamoja kweli, zinavutana, nazo zinazunguka katika mvutano huo kwa maelfu ya mamilioni ya miaka. Mwanafunzi aliyefundishwa kwanza kundinyota, na kisha akafundishwa kundi la galaksi, ana haki ya kudhani kwamba la pili ni aina ya lile la kwanza, ila kubwa zaidi. Dhana hiyo ikishika mizizi, hataelewa kwa nini wataalamu hupima uzito wa mkusanyiko mzima, wala kwa nini walilazimika kusema kwamba ndani yake mna kitu kisichoonekana.

II. Ushahidi wa neno kilimia

Kabla ya kulipima neno kundi zaidi, yafaa kutazama neno la tatu, ambalo ni la kale kuliko vitabu vyote vya sayansi katika lugha hii. Kilimia ni jina la kishada kidogo cha nyota kinachoonekana kaskazini kidogo ya njia ya jua. Mtu mwenye macho mazuri huhesabu nyota sita au saba. Galileo alipokitazama kwa darubini yake, akachapisha habari zake mwaka 1610, alichora nyota 36. Leo yajulikana kwamba mna nyota zaidi ya 1,000, zilizozaliwa pamoja katika wingu moja la gesi yapata miaka milioni 100 iliyopita, nazo ziko umbali wa karibu miaka 440 ya nuru.

Umbo la neno hili laonyesha kazi yake. Shina lake ni kitenzi -lima, kikiwa katika kauli ya kutendea, -limia, na mbele yake kiambishi ki-. Kilimia, basi, ni kitu cha kulimia, yaani alama ambayo kwa hiyo watu huanza kulima. Kizulu na Kixhosa husema isiLimela, na Kisotho husema Selemela, kwa maana ileile. Lugha hizo zimehifadhi ile l ya pili ambayo Kiswahili kimeidondosha kati ya irabu mbili, kama kilivyofanya katika vitenzi vyake vyote vya kauli ya kutendea. Ulinganifu huo kutoka pwani ya Afrika Mashariki hadi ncha ya kusini ya bara wadokeza kwamba jina hili ni urithi wa pamoja wa lugha za Kibantu, wala si tafsiri iliyoletwa na wageni.

Watu wa pwani wana methali isemayo kwamba kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua. Maana yake hutegemea mwendo wa mwaka. Katika mwezi wa Mei jua hupita karibu na Kilimia, nacho hakionekani kwa wiki kadhaa. Mwezi wa Juni huzuka tena mashariki kabla ya mapambazuko. Ufipa, ambako kuna msimu mmoja wa mvua kuanzia Novemba hadi Aprili au mwanzo wa Mei, alama iliyo wazi zaidi ni nyingine: katikati ya Novemba Kilimia huchomoza mashariki jua linapokuchwa, nazo ndizo siku za kuingia kwa mvua.

Neno hili lina funzo katika swali lililo mbele ya makala haya. Waliolibuni walikuwa na makundinyota mengi ya kuyapa majina, lakini walikichagua kishada hiki kidogo wakakipa jina la umoja. Hawakusema vilimia. Jicho lao liliona kitu kimoja chenye sehemu nyingi, na jicho hilo halikukosea, kwa kuwa nyota za Kilimia kweli ni ndugu. Kiswahili, basi, kimekuwa na uwezo wa kutenga mkusanyiko wa kweli na mkusanyiko wa macho tangu zamani.

III. Kitu chenyewe

Galaksi ni mkusanyiko wa nyota, gesi na vumbi. Galaksi yetu, ambayo ukanda wake huitwa Njia Nyeupe, ina nyota zaidi ya bilioni 100, na Jua ni moja katika hizo. Galaksi nazo hukusanyika. Ya kwetu iko pamoja na Andromeda, iliyo umbali wa miaka milioni 2.5 ya nuru, na galaksi ndogo nyingi, katika jamii ndogo. Lakini kuna mikusanyiko mikubwa zaidi, ambayo kila mmoja una galaksi mamia au maelfu, upana wake ni mamilioni ya miaka ya nuru, na uzito wake ni kama Jua trilioni 100 hadi trilioni 1,000. Mwaka 1958 mtaalamu wa Marekani, George Abell, alichapisha orodha ya mikusanyiko 2,712 aliyoipata katika picha za anga la kaskazini na sehemu ya anga la kusini. Orodha hiyo iliongezwa mwaka 1989 ikafika 4,073.

Mmojawapo, uliopewa nambari 426, ni kundi la Perseus. Laweza kuonyeshwa mahali pake kwa Kilimia: liko karibu digrii 18 kaskazini yake. Katika usiku wa Desemba, mawingu yakiondoka, mtu wa Sumbawanga akitazama upande wa kaskazini hukiona Kilimia juu, na kundi la Perseus liko chini yake kuelekea upeo wa macho. Macho matupu hayalioni. Umbali wake ni karibu miaka milioni 240 ya nuru, yaani zaidi ya mara 500,000 ya umbali wa Kilimia.

Galaksi za kundi hili hazikutulia. Mwendo wa moja ukilinganishwa na wa nyingine hutofautiana kwa zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde. Kwa mwendo huo zingekuwa zimekwisha kutawanyika zamani sana, kama kusingekuwa na kitu cha kuzizuia. Hapa mfano wa kundi la ng'ombe una nguvu yake. Ng'ombe wanaochungwa katika bonde la Rukwa wanakwenda kila mmoja kwa hatua zake, huyu mbele na huyu kando, lakini ni kundi kwa kuwa yupo mchungaji awazuiaye wasipotee. Mchungaji wa galaksi ni uvutano. Swali lililowasumbua wataalamu ni hili: uvutano huo watoka katika kitu gani?

IV. Neno Uhuru angani

Sehemu ya jibu ilipatikana kutoka pwani ya Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kutimia miaka saba ya uhuru wa Kenya, setilaiti ndogo ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitaliano baharini karibu na Malindi. Jina lake la kiserikali lilikuwa refu na la nambari, lakini Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo, aliipa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi ile. Mahali palichaguliwa kwa sababu: karibu na ikweta roketi husaidiwa na mzunguko wa dunia, na njia ya setilaiti inayofuata ikweta huepuka ukanda wa mnururisho ambao huharibu vipimo juu ya Atlantiki ya kusini.

Kazi ya Uhuru ilikuwa kupima eksirei zitokazo angani. Eksirei hizo hazifiki ardhini, kwa kuwa hewa huzimeza, hata juu ya vilele vya Mbizi. Kabla ya hapo roketi zilikuwa zimechungulia kwa dakika chache tu. Uhuru ilikagua anga lote kwa zaidi ya miaka miwili. Iligundua kwamba makundi ya galaksi ni miongoni mwa vyanzo vyenye nguvu vya eksirei, na kwamba eksirei hizo hazitoki katika nukta moja bali katika eneo zima lililo kati ya galaksi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002 kwa kazi yake katika elimu ya eksirei za angani.

Wanalugha wana jambo lao la kuliangalia hapa. Orodha ya nne ya Uhuru, iliyochapishwa mwaka 1978, ilikuwa na vyanzo 339, na kila kimoja kilipewa jina linaloanza na 4U. Herufi hiyo U ni ya neno Uhuru, na wataalamu wa nchi zote wangali wanaitumia. Neno la Kiswahili, lenye asili ya Kiarabu, limo ndani ya majina rasmi ya vitu vya angani, wala halikutafsiriwa. Hapana sababu ya kudhani kwamba lugha iliyotoa jina hilo haina nafasi ya kueleza kile kilichogunduliwa kwa jina hilo.

V. Gesi na chuma

Eneo lile kati ya galaksi, lililodhaniwa kuwa tupu, lina gesi yenye joto la mamilioni ya digrii, mara nyingi makumi ya mamilioni. Gesi hiyo ni nyepesi mno. Katika sehemu nyingi mita moja ya ujazo haina ila chembe elfu chache. Lakini eneo lenyewe ni kubwa hata gesi yote ikijumlishwa huzidi kwa uzito nyota zote za galaksi za kundi zima. Kwa maneno mengine, galaksi ambazo zimelipa kundi jina lake ni sehemu yake ndogo.

Kwamba ni gesi ya moto, wala si kitu kingine, kulithibitishwa na setilaiti nyingine iliyotoka palepale San Marco. Ariel 5 ya Uingereza ilirushwa mwezi wa Oktoba 1974, na mwaka 1976 wachunguzi wake walitangaza kwamba katika eksirei za kundi la Perseus waliona alama ya chuma. Kila elementi ikipata joto hutoa nuru yenye vipimo vyake maalumu, kama mtu ajulikanavyo kwa sauti. Na sauti iliyosikika ilikuwa ya chuma kilichonyang'anywa karibu elektroni zake zote.

Ufipa yajua chuma. Wafua chuma wa Kifipa walijenga tanuru refu la udongo, ilungu, lililofika kimo cha mita 3 hivi, likivuta hewa lenyewe kwa matundu ya chini bila ya mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuru dogo kabla ya kufuliwa majembe. Padre R. Wyckaert alieleza kazi hiyo katika makala aliyochapisha mwaka 1914, na mabaki ya matanuru yangaliko katika uwanda huo. Upande wa kusini-mashariki, katika Mkoa wa Songwe, kuna Kimondo cha Mbozi, ambacho karibu asilimia 90 yake ni chuma na asilimia 8 ni nikeli.

Chuma cha udongo wa Ufipa, cha Kimondo cha Mbozi na cha gesi ya Perseus kina asili ya namna moja. Chuma hupikwa ndani ya nyota, na hutupwa nje nyota inapolipuka. Katika kundi la galaksi, nyota zilizolipuka tangu zamani zimemwaga chuma chao katika gesi ya kati, na uvutano wa kundi umekizuia kisitoroke. Kiasi chake kwa kulinganisha na hidrojeni ni karibu theluthi ya kile kilicho katika Jua. Mwaka 2016 setilaiti ya Japani, Hitomi, iliipima gesi ya Perseus kwa usahihi mkubwa kabla ya kuharibika, na matokeo yalionyesha kwamba uwiano wa chuma na elementi jirani zake, kama nikeli na manganizi, wafanana na ule wa Jua. Umbali wa miaka milioni 240 ya nuru haukubadili hesabu hiyo.

VI. Kisichoonekana, na tofauti ya giza na weusi

Hata hivyo, nyota na gesi zikijumlishwa hazitoshi. Mtu wa kwanza kuligundua hilo alikuwa Fritz Zwicky, mtaalamu wa Uswisi aliyefanya kazi Marekani. Mwaka 1933 alichunguza mwendo wa galaksi katika kundi la Coma, akaona kwamba zinakwenda kasi mno kuweza kuzuiwa na uzito wa vinavyong'aa. Aliandika kwa Kijerumani juu ya dunkle Materie. Leo inakadiriwa kwamba zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa kundi la galaksi ni kitu hicho, gesi ni kama asilimia 10 hadi 15, na nyota ni asilimia chache tu.

Kiswahili kimekitafsiri kitu hicho kwa namna mbili: maada nyeusi na maada ya giza. Tofauti ya tafsiri hizo si ya mapambo. Kilicho cheusi kina rangi. Humeza nuru, na huonekana kwa kuzuia kilicho nyuma yake. Wingu jeusi huficha Kilimia. Lakini kitu alichokisema Zwicky hakifichi chochote. Nuru ya galaksi za nyuma hupenya ndani yake bila ya kupungua, ila njia yake hupindwa na uvutano, na picha za galaksi hizo hufika zikiwa zimevutwa na kupindika. Kwa kupima upindaji huo wataalamu huchora ramani ya uzito uliofichika.

Ushahidi ulio maarufu zaidi wapatikana upande wa kusini wa anga. Kiasi cha digrii 6 kutoka nyota Suheli, ile ambayo mabaharia wa Kiswahili wameitumia kutaja upande wa kusini, kuna kundi liitwalo kwa nambari 1E 0657-56, na kwa utani Kundi la Risasi. Mwishoni mwa Septemba, kabla ya mapambazuko, mahali hapo pako juu ya upeo wa kusini wa Sumbawanga kwa zaidi ya digrii 40. Ni makundi mawili yaliyogongana na kupenyana. Gesi ya moja iliipiga gesi ya jingine ikapunguzwa mwendo, ikabaki katikati. Galaksi, zikiwa zimeachana mbali, zilipita bila ya kugusana. Mwaka 2006 wachunguzi walichora ramani ya uzito kwa kutumia upindaji wa nuru. Kama kungekuwa na nyota na gesi peke yake, uzito mwingi ungeonekana palipo na gesi, kwa kuwa gesi ndiyo nyingi. Ulionekana pembeni, pamoja na galaksi. Kitu kisichoonekana kilikuwa kimepita nacho bila ya kuzuiwa.

Mwalimu akiandika ubaoni maada nyeusi, mwanafunzi atangojea kuona kivuli, na ushahidi wote uliotajwa utampinga. Maada ya giza ni afadhali, lakini giza nalo kwa Kiswahili ni hali inayomzuia mtu asione. Neno linaloeleza jambo kama lilivyo ni maada fiche. Kilichofichika chaweza kuwapo, kikafanya kazi, na kikajulikana kwa kazi hiyo, bila ya kuwa na rangi wala kivuli. Mkulima wa Kifipa hahitaji kushawishiwa juu ya jambo la namna hii. Atengenezapo ntumba, hupindua udongo pamoja na majani yake, akaurundika kuwa tuta la mviringo, na majani huozea ndani. Apitaye njiani huona udongo tu. Nguvu ya ntumba imo katika kile kilichofukiwa, na hujulikana kwa mazao.

VII. Wakati wa kitenzi

Kuna ugumu mwingine ambao sarufi ya Kiswahili yaumudu vizuri. Nuru ya Kundi la Risasi iliondoka huko zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita. Je, isemwe kwamba makundi yale yanagongana, au yaligongana? Kiambishi -na- kinadai kwamba tendo liko mbele ya msemaji sasa hivi, si kweli. Kiambishi -li- kinalifunga tendo katika zamani zilizokwisha. Nacho hakitoshi, kwa kuwa mpimaji ana tokeo lake mbele ya chombo chake usiku huu. Kiswahili kina -me-, ambacho hutaja tendo lililotimia na hali yake ikabaki kuonekana. Makundi yamegongana: ndivyo asemavyo mtu afikaye mahali akakuta vyungu viwili vimevunjika. Hakuona kugongana, aliona hali iliyobaki. Elimu yote ya vitu vya mbali imejengwa juu ya ushahidi wa namna hiyo, na mwandishi wa kitabu cha shule angefanya vema kukitumia kiambishi hicho kwa makusudi.

VIII. Uchaguzi wa jina

Lirudiwe sasa swali la jina. Kichala na mkungu hayafai, kwa kuwa matunda ya kichala yameshikwa kila moja mahali pake kwenye kikonyo, na galaksi hazikushikwa hivyo. Shada ni zuri kwa macho, lakini ni la maua yaliyopangwa na mkono wa mtu. Kilimia chapaswa kubaki jina la kitu kimoja. Kulifanya jina la jumla kungelipokonya lugha neno lake la kale, ingawa mwalimu aweza kulitumia kama mlango wa kuingilia somo.

Yabaki kundi na fungu. Kundi lina faida ya mfano wa ng'ombe na mchungaji, na lina hasara ya kundinyota, ambalo limekwisha kuenea na haliwezi kuondolewa. Fungu lina faida mbili. Kwanza, limeanza kutumika katika fungunyota, kwa maana ya nyota zilizofungamana kweli kama Kilimia, hivyo fungu la galaksi litakaa upande wake wa haki, mbali na kundinyota. Pili, msikizaji husikia ndani yake kitenzi kufunga, na kufungwa na uvutano ndiko kunakoutofautisha mkusanyiko huu na mikusanyiko ya macho. Pingamizi ni kwamba fungu la nyanya sokoni ni rundo dogo lililopangwa kwa bei. Lakini hata hilo muuzaji huliuza kama kitu kimoja, wala hakubali nyanya moja itolewe.

Pendekezo, basi, ni hili: kundinyota libaki kwa umbo linaloonekana na macho, fungunyota kwa nyota zilizofungamana, fungu la galaksi kwa galaksi zilizofungamana, na maada fiche kwa uzito usioonekana unaozifunga. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, ilionyesha kwamba kazi ya kusanifisha istilahi za sayansi yaweza kufanywa kwa utaratibu. Elimu ya nyota yastahili kazi kama hiyo, na yafaa ifanywe na wanalugha wakiwa pamoja na wanafizikia, kila upande ukiuliza juu ya kila neno swali moja: mwanafunzi asiyekuwa na kitu kingine ila neno hili atadhani nini?